Tunahesabu Macho Yaliyopasuliwa, Hatuhesabu Yanayoona

Kila kambi ya macho inapofungwa hutolewa hesabu. Waliojitokeza wangapi, waliopewa dawa za matone wangapi, waliogawiwa miwani wangapi, waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba lenzi ya jicho, wangapi. Wazee wanapanga foleni ya kufunguliwa bandeji, mmoja anamtambua mjukuu wake na kumwita kwa jina, vigelegele vinapigwa. Ni siku ya furaha, nami nimewahi kutokwa na machozi katika siku ya namna hiyo. Lakini ipo hesabu moja ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye kipaza sauti: kati ya hao waliopasuliwa, wangapi wanaona, na wanaona kiasi gani.

Shangazi yangu ni mmoja wa waliopigiwa vigelegele. Ameanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, tangu kabla sijazaliwa. Mtoto wa jicho alipomkamata macho yote mawili, ilifika mahali akawa anashikwa mkono kwenda msalani. Akapasuliwa jicho la kushoto kwenye kambi moja iliyofanyika mbali na hapa. Asubuhi ya kufunguliwa, daktari akamuuliza, "Mama, unaona?" Akajibu, "Naona, daktari. Mungu akubariki." Kwenye kadi yake, mahali pa matokeo, pakaandikwa neno moja: Nzuri. Tulimchinjia jogoo.

Miezi ikapita ndipo nikatambua kwamba Shangazi hachambui mchele. Akiletewa ungo, anamwita mtoto. Dagaa anawachagua kwa kupapasa, changarawe anazitafuta kwa ncha za vidole. Nilipomuuliza kulikoni, alishusha sauti kama mtu anayeungama. "Mwanangu, nilikuwa sioni kabisa. Leo mtu akija namwona. Nimwambie daktari haijatosha? Ataniona sina shukrani." Alikaa hivyo zaidi ya miaka miwili, mpaka mtaalamu wa miwani alipomkalisha mbele ya chati, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, akamwandikia miwani. Siku alipoivaa alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe, akaniita nije nione.

Upasuaji wake haukuwa na kasoro. Lenzi bandia inayowekwa ndani ya jicho ina nguvu yake, kama miwani ilivyo na nguvu yake, na macho ya watu hayalingani urefu. Ipo mashine ya kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele, ili mgonjwa achaguliwe lenzi inayomfaa. Kipimo hicho kisipofanyika huwekwa lenzi ya wastani, na wastani haumfai kila mtu. Miwani ya kawaida ingeziba pengo hilo wiki chache baada ya upasuaji. Kwa kuwa hakuna aliyempima, hakuna aliyejua kwamba pengo lipo.

Nimeanza na Shangazi kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwa nini shukrani haifai kuwa kipimo. Mzee aliyelelewa vizuri hamwambii mgeni aliyemtendea wema kwamba wema wenyewe haukufika. Ukimuuliza "unaona?" siku ya kufunguliwa bandeji, umemuuliza swali la adabu, naye atakujibu kwa adabu. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa chati. Herufi E imegeuzwa huku na huku, mgonjwa anaonyesha kwa mkono meno yake yameelekea wapi, wala hahitaji kujua kusoma. Anakaa mita 6 kutoka ukutani. Akiishia kwenye mstari ambao jicho zima huuona kutoka mita 18, panaandikwa 6/18. Akishindwa hata herufi kubwa kabisa anasogezwa karibu, kisha anahesabu vidole. Adabu haiingii humo.

Kwa miaka mingi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa huu: katika kila macho 100 yaliyopasuliwa mtoto wa jicho, yasipungue 80 yanayofikia 6/18 au zaidi kwa miwani aliyonayo mgonjwa, na yanayobaki chini ya 6/60 yasizidi 5. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukasogea mbele zaidi. Nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 ziongeze kwa pointi 30 za asilimia huduma ya upasuaji yenye matokeo, na maana ya matokeo ikatajwa: anayehesabiwa ni aliyepasuliwa akaweza kuona 6/12. Kwa hesabu hiyo Shangazi yangu, kwa miaka ile miwili, hakuwamo. Alikuwa kwenye orodha ya kambi, lakini kwenye orodha ya wanaoona hakuwapo.

Hapa ndipo linapoingia neno utafiti, neno linalowatisha wengi katika hospitali zetu za mikoani. Utafiti, tumezoea kufikiri, ni wa hospitali kubwa za rufaa, wa Muhimbili, wa Bugando, wa KCMC kule Moshi, au wa wageni wanaokuja na magari yao na kuondoka na madaftari yao. Hospitali ya rufaa ya mkoa kama Maweni, au hospitali ya misheni kule Kasulu, kazi yake ni kutibu. Mimi nasema kazi ya kutibu jicho haijakamilika mpaka jicho limepimwa, na jicho likishapimwa na kuandikwa, utafiti umekwisha kuanza. Kilichobaki ni mtu wa kukaa na rejista jioni na kujumlisha.

Mfano upo hapa jirani. Katika Hospitali ya Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, madaktari waliamua kufuatilia kila jicho walilopasua: lilikuwa linaona kiasi gani kabla, nini kilitokea kwenye meza ya upasuaji, liliona kiasi gani baadaye. Hesabu yao ilichapishwa mwaka 2002. Macho yaliyofikia 6/18 au zaidi miezi miwili baada ya upasuaji yalipanda kutoka asilimia 77.1 hadi asilimia 89.4 katika kipindi walichokuwa wakijifuatilia. Msomaji makini atauliza kama ni ufuatiliaji uliowainua au ni mikono iliyozoea kazi tu, maana hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Ni swali la haki. Lakini hata mkono unaozoea kazi unahitaji kuambiwa ulikosea wapi, na asiyeandika makosa yake huyazoea pamoja na kazi.

Jicho lililopasuliwa likashindwa kuona vizuri, sababu si nyingi. Huenda lilikuwa na ugonjwa mwingine tangu mwanzo nyuma ya ule ukungu, kwa mfano mshipa wa fahamu uliokwisha kufa kwa presha ya macho, na hilo linamrudisha daktari kwenye chumba cha uchunguzi akachague wagonjwa kwa uangalifu zaidi. Huenda kifuko kinachoshika lenzi kilichanika wakati wa upasuaji na ute wa ndani ukasogea mbele, na hilo linamhusu mwenye kisu. Huenda ni miwani tu, kama kwa Shangazi. Au mgonjwa aliona vizuri mwaka wa kwanza, kisha kifuko kilekile kikafanya ukungu, jambo linaloondolewa kwa mwale wa leza kwa muda mfupi. Kila sababu ina mlango wake. Rejista yenye neno "Nzuri" haikuonyeshi mlango hata mmoja.

Daktari mmoja niliyezungumza naye juu ya jambo hili alinijibu haraka: wagonjwa hawarudi. Ana haki ya kusema hivyo. Mtu wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, anakuja mjini kwa boti. Mtu wa Kalya, kusini, vilevile. Ziwa likichafuka hakuna safari. Nauli ni ya watu wawili, kwa sababu asiyeona haji bila msindikizaji, na msindikizaji ameacha shamba la mihogo. Ukimwambia arudi baada ya wiki sita akapimwe chati, atakuitikia vizuri na hatarudi, hasa kama anaona vya kutosha kutembea.

Lakini hoja hiyo imekwisha kupatiwa jibu, na jibu lenyewe limetoka kwa watafiti waliokuwa na shida hiyohiyo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 40 za nchi 10 za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini. Waliwapima wagonjwa ndani ya siku chache baada ya upasuaji, kisha wakajitahidi kuwapima tena baada ya siku 40 au zaidi, wakiwafuata hata wale wasiorudi wenyewe. Wakakuta kwamba kipimo cha siku zile za mwanzo kinatosha kuonyesha ubora wa upasuaji wa hospitali, pale ambapo wagonjwa wengi hawarudi. Bado jicho huendelea kupona, bado miwani huhitajika baadaye, na mgonjwa mmojammoja bado anapaswa kurudi kwa faida yake. Ila hospitali inayotaka kujijua haina haja ya kusubiri ziwa litulie. Asubuhi ya bandeji mgonjwa yuko pale pale, amekaa kwenye benchi. Chati itundikwe mbele yake kabla ya vigelegele.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti. Daktari anaogopa kwamba namba zikiandikwa zitatumiwa kumpiga nazo. Ataulizwa kwa nini yeye ana asilimia 70 na mwenzake 85. Hofu hiyo siidharau, kwa sababu najua inachozaa. Daktari anayepimwa kwa matokeo ili aadhibiwe ataanza kuwachagua wagonjwa wenye macho mepesi, na bibi wa miaka 80 mwenye lenzi ngumu ya rangi ya kahawia ataambiwa aende Mwanza, naye hatakwenda. Ndiyo maana hali ya jicho kabla ya upasuaji lazima iandikwe kando ya matokeo, na ndiyo maana majumlisho haya, kwa miaka ya kwanza angalau, yawe mali ya kitengo cha macho chenyewe. Mganga mfawidhi ayaone. Wasimamizi wa juu waone kwamba kazi ya kupima inafanyika. Ligi ya kushindanisha hospitali itafuta ukweli wote kabla haujaandikwa.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni takwimu za ndani tu, si utafiti wenye uzito. Nawaomba waitazame Mvumi.

Mvumi ni hospitali ya misheni mkoani Dodoma. Miaka ya 1980 daktari wa macho Allen Foster alikuwa akiona watoto wengi wanaoletwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, vidonda vinavyoacha kovu jeupe na upofu wa maisha. Yeye na mtafiti mwenzake Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda hivyo, na wengine 205 waliokuwa katika shule za wasioona. Asilimia 37 ya vidonda vilihusiana na surua iliyompata mtoto karibuni. Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, na jicho lisilo na vitamini A hukauka na kuoza kwa siku chache.

Mwaka huohuo likachapishwa jaribio lililofanyika wodini Mvumi. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa: 88 wakapewa dozi kubwa ya vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida, 92 wakapewa matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walikufa 6, la pili walikufa 12. Tofauti hiyo ya jumla ingeweza kutokea kwa bahati tu, na watafiti walilisema hilo waziwazi. Lakini kwa watoto walio chini ya miaka miwili, alikufa mmoja kati ya 46 upande wa vitamini, na saba kati ya 42 upande wa pili. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko kwamba watoto wenye surua katika maeneo yenye upungufu wapewe vitamini A. Miaka mitatu baadaye jaribio la Cape Town likathibitisha. Leo mtoto akilazwa kwa surua, Kibondo au Kathmandu, tone lile la vitamini analopewa lina historia inayopita kwenye wodi moja ya Dodoma, ambako mtu aliyekuwa akitibu macho aliuliza swali kisha akahesabu.

Kwetu Kigoma kisa hicho kinapaswa kutugusa kwa namna ya pekee, sisi watu wa mawese. Rangi nyekundu ya mawese ndiyo hiyo karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Na tunaowaona wakiyachemsha mpaka yageuke meupe ili yasiwe na harufu wanaiunguza ile ile kinga ya macho ya watoto wao. Mtaalamu wa lishe wa wilaya akikaa na muuguzi wa macho wanaweza kuanza kazi nzuri sana kutoka kwenye sufuria hiyo.

Utafiti mkubwa zaidi, ule wa kulinganisha tiba na tiba, nao unatuhusu, na hapa nataka kukaa kidogo kwenye presha ya macho. Ugonjwa huu hauna huruma kwa sababu hauumi. Unakula ukingo wa uoni polepole, mgonjwa anagongana na milango akidhani ni uzee, na anapofika kliniki mara nyingi jicho moja limekwisha kwenda. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Tiba iliyozoeleka ni matone kama timolol, kila siku, maisha yote. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Kakonko: chupa ikiisha lazima anunue nyingine, na asipoona nafuu yoyote, maana matone hayaongezi uoni, kwa nini aendelee kununua?

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika KCMC, Moshi. Wagonjwa 201 wenye presha ya juu ya macho iliyokwisha kuwa ugonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa matone ya timolol, wengine wakafanyiwa tiba ya leza. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kushusha presha vya kutosha kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Hilo limepimwa kwenye macho ya Watanzania, katika hospitali ya Tanzania. Kabla ya hapo daktari wa huku alikuwa akitegemea zaidi hesabu za Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa hugunduliwa mapema na duka la dawa liko mtaani kwake.

Sasa swali langu kwa wakuu wa afya wa kanda yetu ya magharibi: mashine hiyo tutaipata lini, na ikifika, nani atahesabu? Leza ni ghali kuinunua lakini mgonjwa haibebi nyumbani wala hainunui kila mwezi. Hata hivyo asilimia 61 za Moshi zilipatikana kwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu. Kwa mtu wa kushuka boti mara moja kwa mwaka, zitabaki 61? Jibu litatoka kwa watakaolitafuta Kigoma.

Na si kila kipya ni bora. Lindi na Mtwara, ambako trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imegeuza kope za wazee wengi zikawa zinakwaruza jicho, zaidi ya watu 1,900 walishiriki jaribio la kulinganisha kibano kipya cha upasuaji wa kope na vifaa vya zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kope zilirudi kuingia ndani kwa kiwango kilekile. Mtu mvivu wa kufikiri ataliita hilo kushindwa. Mimi naliita fedha iliyookolewa, kwa wilaya zote ambazo zingenunua kibano hicho kwa kuamini tu kwamba kitazuia kope kurudi.

Lakini utafiti wa aina hii unagusa mwili wa mtu, na hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Fomu ya ridhaa. Kanuni za utafiti, tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, zinataka mshiriki aelewe kisha akubali kwa hiari. Kwenye kliniki ya macho tunamkabidhi mtu asiyeona karatasi zilizochapwa, tunamwonyesha pa kuweka dole gumba. Hata pahali penyewe hapaoni. Kanuni zina jibu: asomewe yote, mbele ya shahidi asiyekuwa sehemu ya timu ya utafiti, naye shahidi aweke sahihi. Shahidi huyo asiwe muuguzi wa zamu aliyevutwa mkono dakika ya mwisho. Awe mtu wa mgonjwa, aliyekuja naye.

Hata ikisomwa, itasomwa kwa maneno gani? Tunasema "jaribio", na masikioni mwa mzee wa Buhigwe kujaribiwa ni kufanywa panya. Tunasema "utapangwa kwa bahati nasibu", naye bahati nasibu anayoijua ina tiketi na mshindi. Nimewahi kumsikia mama akiuliza, akishinda atapewa nini. Swali lake lilikuwa zuri kuliko fomu. Lilipaswa kujibiwa hivi: Mama, hatujui ipi kati ya tiba hizi mbili ni bora. Tungejua tungekupa hiyo. Ndiyo maana tunapiga kura, ili tusimpendelee mtu. Ukikataa utatibiwa kama wengine. Sentensi nne. Zisemwe kwa Kiswahili cha nyumbani, na kwa Kiha pale Kiswahili kinapokwama, na mgonjwa aombwe kuzirudia kwa maneno yake kabla ya kuletewa wino.

Vyombo vya kusimamia haya tunavyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo inayotoa kibali cha maadili kwa tafiti za afya, nayo ina kituo Tabora, mahali ambapo treni yetu husimama njiani. Jaribio la dawa linahitaji pia ruhusa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kuandika matokeo ya upasuaji ili kitengo kijirekebishe ni sehemu ya huduma. Ukitaka kuyachapisha dunia iyasome, unaomba kibali. Njia ni ndefu, ninakubali, lakini ipo.

Yapo maswali ambayo hakuna mtu wa Moshi atakayetuulizia. Mwaka 1988 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 838 wafanyao kazi majini katika ghuba ya Chesapeake, Marekani: waliopigwa zaidi na miale mikali ya jua katika maisha yao walipata zaidi aina fulani ya mtoto wa jicho. Ukiusoma utafiti huo haraka utasema basi wavuvi wa Ziwa Tanganyika wako hatarini. Lakini wavuvi wetu wa dagaa huenda ziwani usiku, giza likiwa totoro, kwa taa. Mchana wamelala. Anayeshinda juani ni mwanamke, ameinama juu ya mchanga mweupe au chanja, dagaa wa rangi ya fedha wakimrudishia jua usoni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Jioni anarudi kwenye moshi wa kuni, ambao nao umehusishwa na mtoto wa jicho kwa wapishi wa Nepal. Kama ningekuwa daktari kijana wa macho katika mkoa huu, ningeanzia hapo, na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ningeifikiria kabla ya dawa yoyote.

Mwanamke huyohuyo ndiye anayechelewa kupelekwa hospitali. Watafiti Susan Lewallen na Paul Courtright, walioanzisha kituo cha afya ya macho ya jamii kule Moshi, walionyesha mwaka 2002 kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kiwango kidogo kuliko wanaume. Baba akipofuka, ng'ombe anauzwa. Mama akipofuka, anaambiwa asubiri mtoto wa jicho akomae. Hilo la kukomaa lilikuwa na maana enzi za upasuaji wa zamani, lenzi ilipotolewa nzima. Kwa upasuaji wa leo wa tundu dogo halina maana tena, na lenzi ikiachwa mno inaweza kuvimba na kuharibu jicho lote. Rejista ikionyesha jinsia, umri, kijiji, na miaka ambayo mgonjwa amekaa bila kuona, tutajua ni vijiji gani mama zao wanasubirishwa.

Gharama ya haya ninayoyaomba ni ndogo kuliko ya kambi moja. Chati ya E. Ukuta wenye mita 6 wazi mbele yake. Safu tatu zaidi kwenye rejista ya chumba cha upasuaji: uoni kabla, lililotokea mezani, uoni siku ya bandeji. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kupima bila kumwonyesha mgonjwa kwa mkono wake jibu ni lipi. Na kila miezi mitatu, wote walioshika jicho hilo, daktari, muuguzi, mtaalamu wa miwani, mtu wa kupima lenzi, wakae chumba kimoja na daftari wazi. Kambi ziendelee kuja, tunazihitaji sana, ila zisiondoke kabla ya kuacha namba hizo mikononi mwa hospitali ya mahali, kwa sababu siku jicho likiwa jekundu na kuuma, kambi haipo, na hospitali ya mahali ndiyo itakayobishiwa hodi na jicho ambalo haijui historia yake.

Shangazi ana tarehe ya jicho la kulia mwezi ujao. Nitakwenda naye. Nimempa kadi ya jicho la kushoto, ile iliyoandikwa Nzuri, aiweke kwenye mkoba wake pamoja na miwani, na nimemwomba jambo moja: akiulizwa kama anaona, asishukuru kwanza, aombe chati. Amenijibu kwamba ataomba chati, na atashukuru pia.